Punje za Kijani za Mwalimu Kitunguu

Hospitalini walimwita Mama Maabara, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba jina lake la utotoni lilikwishamtoka kichwani. Asubuhi ile alikuwa anapita kwenye ujia wa kliniki ya macho, trei ya sampuli mikononi, akasimama kumwelekeza mama mmoja aliyepotea. Alimwambia aende mbele, akate kulia, aingie mlango wa kijani, na asithubutu kugonga ule wa bluu, maana huo ni wa stoo na mwenye stoo hana subira. Hajamaliza, sauti ikatoka kwenye benchi la wagonjwa nyuma yake.

"Anayesema hapo ni Chembe. Au masikio nayo yameanza kunikimbia?"

Nusura trei imponyoke. Aligeuka akamwona mzee mrefu, shingo imesimama kama ya mtu anayengoja darasa linyamaze, kofia imewekwa vizuri juu ya magoti. Kando yake alikaa mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, ambayo bila shaka alisahau kuivua alipotoka nyumbani mbio.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, ya mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umekua."

Alikuwa na nywele nyeupe na wajukuu, lakini alijibu, "Ndiyo, Mwalimu, kidogo."

Mwalimu Kitunguu ndiye aliyempa jina la Chembe. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza alisoma majina, akafika kwake, akasikia "nipo" lakini asimwone aliyejibu, kwa kuwa dawati lilimzidi kimo. Akaja mpaka nyuma ya darasa, akainama, akasema: "Huyu ni chembe. Lakini msicheke, ni chembe hai." Darasa lilicheka hata hivyo, na jina likaganda.

Yule mwanamke wa futi alikuwa binti yake. Chembe alimkumbuka akiwa mtoto wa kutambaa, akiletwa shuleni mama yake alipokuwa na shughuli, akawekwa chini ya meza ya maabara ale gundi ya karatasi. Sasa alikuwa mshonaji mwenye duka lake, na ndiye aliyeeleza kilichowaleta. Walikuja wakiamini ni mtoto wa jicho, mtu anapasuliwa, anafungwa bandeji, anarudi nyumbani kusoma gazeti. Daktari akawaambia la, ni presha ya macho, nayo imekwishaua mshipa wa kuonea. Jicho la kulia limezima. La kushoto limebakiwa na tundu dogo katikati, na dawa ya matone itachelewesha tu. Binti aliyasema hayo akitazama sakafu. Baba yake akayachukua palepale akayageuza somo.

"Ni kama kuchungulia kwa mrija," alisema. "Nikikutazama naona pua. Nikitaka mdomo, lazima nishuke. Nikifika kidevuni, nimeshasahau pua ilikuwaje."

Chembe aliwapeleka kwenye chumba cha chai cha wafanyakazi. Alijua kazi inamsubiri, lakini kwa mara ya kwanza katika muda mrefu aliiacha isubiri.

Walikunywa chai wakazungumza habari za zamani, na nani asiyejua utamu wa mazungumzo hayo. Maabara ya shule yao ilikuwa chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji, chenye harufu ya spiriti na chaki. Hadubini ilikuwa moja tu kwa shule nzima. Haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo chini yake, na Mwalimu aliiweka dirishani akaigeuzageuza mpaka kioo kikanasa jua, na hapo akasema "shika foleni" kwa sauti ya chini kama mtu aliye ibadani. Wingu likipita, kipindi kilisimama. Wanafunzi walijifunza kuyachukia mawingu.

Jina la Kitunguu lilitokana na mfuko wa koti lake. Alikuja na kitunguu kila muhula unapoanza, akakipasua kwa wembe mbele yao huku machozi yakimtoka, akabandua ngozi nyembamba ya ndani, ile inayong'aa kama karatasi ya nailoni. Akailaza kwenye kioo, tone la iodini juu yake, kifuniko, kisha kimya.

Zamu ya Chembe ilipofika ilibidi wamwekee tofali asimamie. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Halafu aliona weupe. Halafu, ghafla, ukatokea ukuta, safu juu ya safu, umejengwa kwa matofali marefu ya rangi ya chai.

"Mwalimu, kuna nyumba," alisema, "lakini hazina watu."

"Tazama tena. Kila nyumba ina mwenyewe. Amekaa pembeni."

Akatazama tena, akaona. Kila chumba kilikuwa na doa moja la duara, jeusi kidogo, limejisogeza ukutani. Kiini. Mwalimu akawaambia kwamba yule ndiye anayejua kila kitu cha humo ndani, nini kitengenezwe na lini, na kwamba amesogea pembeni si kwa unyenyekevu, bali kwa sababu katikati pamejaa kibofu cha maji, vakuoli, ambacho ndicho kinachoufanya mmea usimame. Akadondosha maji ya chumvi chini ya kifuniko. Waliochungulia baada ya hapo waliona jambo la ajabu: ukuta ukabaki palepale, lakini utando wa ndani ukasinyaa, ukajivuta kutoka ukutani kama mtu aliyekonda ndani ya suruali yake ya zamani. Ndivyo mchicha unavyolegea, alisema. Ukuta haujavunjika, maji ndiyo yamehama.

"Unamkumbuka Jogoo?" Mwalimu aliuliza.

Nani angemsahau Jogoo. Alikuwa mwanafunzi mwenye kifua kipana na majigambo mapana zaidi. Siku ya seli za mnyama, Mwalimu alimwita mbele, akampa kijiti asugue ndani ya shavu lake, wakaweka ule ute kwenye kioo na tone la rangi ya bluu. Jogoo akachungulia wa kwanza. Akainua kichwa amekasirika, akasema seli zake zimeharibika, hazina ukuta hata mmoja, zimekaa ovyoovyo kama uji uliomwagika, mbona za kitunguu zimepangwa.

Jibu la Mwalimu, Chembe alikuwa amelibeba maisha yake yote bila kujua kwamba amelibeba. "Kitunguu hakina pa kukimbilia, kwa hiyo kimejijengea ukuta. Wewe una miguu. Ungekuwa na ukuta katika kila seli, ungebaki pale tulipokupanda." Jogoo alirudi kwenye nafasi yake ameridhika, na mpaka wanamaliza shule alikuwa akitembea kama anayetangaza kwamba hana kuta.

Wakacheka, hata binti ambaye hakuwahi kumjua Jogoo akacheka. Kisha Mwalimu akakizungusha kikombe.

"Kuna kipindi kimoja sikukimaliza," alisema.

Chembe alikijua kabla hajaambiwa. Ilikuwa mwaka wao wa mwisho. Mwalimu aliwaambia kwamba hayo yote waliyoyaona ni picha iliyosimama, lakini seli hai haisimami. Akawasimulia kwamba kwenye jani la gugu la majini, lile laini kama utepe, punje za kijani zinazopika chakula kwa mwanga huonekana zikitembea, zikizunguka ndani ya chumba chake bila kupumzika. Alikwenda mwenyewe kidimbwini nyuma ya shule akarudi na suruali mbichi mpaka magotini. Lakini siku hiyo jua lilifichama, lenzi kubwa ilikuwa na ufa, na kila aliyechungulia aliona ukungu wa kijani tu. Muhula ukaisha, kidimbwi kikakauka.

"Niliwaambia mniamini," Mwalimu alisema. "Neno hilo sikuwahi kulitumia darasani. Na mimi mwenyewe sikuwa nimeziona. Nilizisoma chuoni, mwalimu wangu naye aliniambia nimwamini. Nimefundisha miaka yote kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu, na sasa macho yenyewe ndiyo haya."

Binti akamshika mkono, akamwambia baba, hayo yamepita. Mzee akasema yamepita kweli, ila yeye ndiye aliyebaki.

Chembe alirudi kwenye kiti chake cha kazi, akainamia hadubini yake. Yeye ndiye aliyesoma seli zilizochukuliwa kwa watu wenye uvimbe. Kazi yake ilikuwa kutafuta ubaya: kiini kilichovimba mpaka kikajaza chumba, seli zilizosahau mpaka wake na kuanza kupandiana. Alikuwa hodari, na hodari wa kazi hiyo hujifunza kutofurahi anapopata anachokitafuta. Siku hiyo sampuli ya kwanza ilikuwa safi. Zamani angeandika "safi" akaiweka kando. Safari hii alikaa akiitazama, viini vidogo vimetulia mahali pake kama watu waliokula wakashiba, akajiuliza ni lini mara ya mwisho alitazama seli kwa sababu tu ni nzuri.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, tena lilikuja kwa njia ya maneno ya Mwalimu mwenyewe. Kama amebakiwa na tundu dogo mfano wa mrija, basi hadubini ni nini kama si mrija? Jicho lililoshindwa kuona uso mzima wa mtu halihitaji uso mzima pale. Linahitaji duara dogo, na mwanga wa kutosha.

Mkuu wa maabara alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, mpole lakini mwoga wa kanuni. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema vifaa ni vya wagonjwa. Chembe akamjibu kwamba mzee huyo ni mgonjwa, ana kadi ya kliniki. Kijana akatabasamu, akasema Jumamosi, baada ya kazi, na yeye mwenyewe awepo.

Likabaki suala la gugu. Vidimbwi vya utoto wake vilikuwa vimejengewa maduka. Aliuliza kwa wauza maua, wakampa majani ya kila namna ila ya majini. Mwishowe alilipata mahali ambapo asingefikiria, kwa kinyozi aliyemnyoa mjukuu wake. Kinyozi huyo alikuwa na tangi la samaki karibu na kioo, na ndani yake gugu laini linayumbayumba kana kwamba linasikiliza redio.

"Unataka majani ya samaki wangu ukayafanye nini, mama?" kinyozi aliuliza, mashine ikinguruma mkononi.

"Nimpelekee mwalimu wangu akayaone."

Kinyozi alimtazama, akamtazama na mteja aliyenyolewa nusu, kama anayeomba ushahidi. Kisha akasema kwamba yeye alichompelekea mwalimu wake ni fimbo tu, tena aliyoichuma mwenyewe. Lakini alikunja mkono wa shati, akazamisha mkono tangini, akamchumia tawi zuri, akalitia kwenye chupa pamoja na maji yake ili lisishtuke.

Jumamosi Mwalimu alikuja amevaa koti. Binti alisema tangu alfajiri alikuwa ameketi mlangoni amejiandaa, anauliza kama jua limetoka, ingawa alikwishaambiwa hadubini ya siku hizi ina taa yake. Maabara ilikuwa tupu, mashine zimefunikwa. Chembe alikata jani moja la ncha, akaliweka kwenye kioo ndani ya tone la maji yale yale ya tangi, akarekebisha mpaka kuta zikasimama wazi na punje za kijani zikaonekana ndani ya kila chumba. Akamshika Mwalimu mabega, akamwongoza, akaelekeza jicho la kushoto kwenye lenzi.

Ilichukua muda. Kichwa kilisogea huku na huku kikitafuta. Kisha kikatulia, na Chembe akajua amefika.

"Naona matofali," mzee alisema polepole. "Naona punje. Nyingi, zimejipanga ukutani." Akasogeza kichwa kidogo, akatazama tena. "Hazitembei."

Chembe akachungulia. Ni kweli, zilikuwa zimesimama kama watu kwenye picha ya harusi. Alibadilisha jani, akabadilisha lenzi, mkuu wa maabara naye akajaribu, akisema labda limekufa njiani. Punje hazikutikisika. Binti akaanza kukusanya mkoba wake taratibu, kwa namna ya mtu anayetaka kumwondoa mwenzake msibani kabla hajalia.

Mwalimu ndiye aliyeuliza chupa ilikuwa imewekwa wapi. Chembe akasema kwenye friji ndogo, ili jani lisiharibike.

"Basi limesinzia," alisema mzee. "Hata wewe ungekuwa ndani ya friji usingetembea. Liache palepale chini ya taa, lipate joto. Tuzungumze mambo mengine."

Wakazungumza mambo mengine. Mkuu wa maabara akasimulia jinsi alivyoingia fani hiyo kwa kukosa nafasi ya uhasibu. Binti akaeleza kuhusu mteja wake anayenenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Chembe hakusikia hata nusu. Alikuwa anaogopa kurudi kwenye ile hadubini, kama mwanafunzi anayeogopa kugeuza karatasi yake ya majibu.

Alipochungulia, mwanzoni hakuona tofauti. Kisha punje moja kwenye kona ikajikwamua. Ikasogea, ikasita, ikasogea tena. Nyuma yake ikaja nyingine. Na kabla hajavuta pumzi msafara mzima ulikuwa njiani, ukifuata ukuta, ukikata kona, ukirudi ulikotoka, chumba baada ya chumba, kila kimoja na mzunguko wake, kimya kabisa.

Alimshika Mwalimu mkono akamrudisha kwenye lenzi.

Mzee alitazama kwa muda mrefu mno. Mgongo wake ulikuwa umeinama, na mkono mmoja uliishika meza. Mkuu wa maabara alitaka kuuliza, binti akamtikisia kichwa.

"Kumbe sikuwadanganya," Mwalimu alisema mwishowe.

Kisha, kwa sauti nyingine, ile ya darasani: "Lakini nilikosea kidogo. Niliwaambia punje zinatembea. Tazameni vizuri. Si zenyewe. Ni ute unaotiririka kando ya ukuta, kuzunguka maji ya katikati, na punje zimebebwa tu. Mwambie Jogoo ukimwona."

Alipoinua kichwa uso wote ulikuwa umelowa, na hakuna kitunguu kilichokuwa kimepasuliwa. Chembe aligeukia sinki akaosha vioo visivyohitaji kuoshwa.

Walidhani sasa ataondoka. Badala yake aliuliza kama ile rangi ya bluu ipo.

"Ipo, Mwalimu."

"Basi nionyeshe za mwanangu. Uso wake siuoni mzima siku hizi. Nikipata jicho nakosa paji."

Binti alisimama, akasema baba, jamani, kisha akafungua mdomo kama mtoto. Chembe alimsugua shavu kwa kijiti, akaandaa kioo, akatafuta mahali penye seli chache zilizo wazi. Mwalimu akarudi kwenye lenzi, na safari hii hakutafuta, alifika moja kwa moja.

"Haya," alisema. "Hazina ukuta. Zina utando tu, laini, umekunjika pembeni. Zimelaliana kama vipande vya kitambaa chini ya cherehani yako. Na katikati ya kila kimoja kiini kimoja, bluu kabisa. Nusu ya kilichomo humo ilitoka kwa mama yako."

Binti alikuja akasimama nyuma yake, akaweka kidevu chake begani mwa baba yake, na wakabaki hivyo, mmoja akitazama na mwingine akitazamwa, mpaka taa ya hadubini ikawa moto na Chembe akalazimika kuipunguza.

Lile tundu la jicho la kushoto lilijifunga kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Halikujifunga kwa siku moja. Lilipungua kama mwanga wa chumba ambacho mtu anavuta pazia polepole, na Mwalimu alilisimulia hivyo bila kulalamika sana, ingawa binti alisema kuna asubuhi alizokaa kitandani hataki kuvaa. Chembe akajiwekea desturi ya kwenda kila Jumapili kwenye duka la binti, alikoshinda Mwalimu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, katikati ya magauni yaliyotundikwa, na swali la Mwalimu lilikuwa lile lile: wiki hii umeona nini?

Zamani asingekuwa na la kusema. Angesema kazi, Mwalimu, ni ile ile. Lakini mtu anayejua kwamba ataulizwa hutazama vingine. Alianza kuzibakiza sampuli safi kwenye lenzi dakika moja ya ziada. Alianza kuona maumbo. Vijana wa maabara waliosikia akijicheka mwenyewe walinong'ona kwamba bibi amezeeka, wakaanza kusogea nao wachungulie.

Jumapili moja alimwambia kwamba ameona seli nyeupe ya damu kwenye tone bichi, bado lina joto, inajikokota kati ya zile nyekundu. Inanyoosha upande mmoja wa mwili wake, inajimimina humo, kisha inanyoosha tena.

Cherehani ikasimama. Binti naye alikuwa anasikiliza.

"Ilikuwa inakwenda wapi?" Mwalimu aliuliza.

Chembe akaweka kikombe chini, akakichukua kiganja cha mzee, akakifungua, akaanza kumchorea njia yake kwa ncha ya kidole.